Bergen wanajua mvua yao inatoka wapi, sisi Mbeya je?

Mwaka wa tisa huu niko Bergen, magharibi mwa Norwei, na kitu ninachowaonea wivu wenyeji si fedha wala barabara. Wanaujua upepo unaowaletea mvua.

Jirani yangu wa chini, mzee mstaafu, ukimkuta mlangoni anakung'uta mwavuli atakwambia mgandamizo wa hewa umeshuka Iceland na umepanda kwenye visiwa vya Azores, kusini zaidi katika Atlantiki, kwa hiyo pepo za magharibi zinavuka Atlantiki kwa nguvu zikiwa zimebeba maji. Zikifika hapa zinakuta milima, zinapanda, zinapoa, zinamwaga. Ndivyo ilivyonyesha siku 85 mfululizo tangu mwisho wa Oktoba 2006. Tofauti hiyo ya mgandamizo ikilegea, kama majira ya baridi ya 2009/2010, pepo hizo huelekea kusini, Norwei inabaki na baridi kavu, na watu wanaanza kuulizia mabwawa, maana karibu umeme wote hapa ni wa maji.

Mimi mtoto wa Tukuyu, mkoani Mbeya, nilipaswa kuyajua haya kabla sijapanda ndege. Kusi ikivuma mwezi wa sita inapita juu ya Ziwa Nyasa, inapanda Mlima Rungwe, na migomba yetu inapata manyunyu hata kiangazi. Vuka Isongole ushuke Uyole: vumbi tupu. Mlima uleule, upepo uleule, ila Uyole iko mgongoni.

Dada yangu analima mahindi huko Uyole. Novemba moja alipanda baada ya mvua mbili za mwanzo. Wiki tatu baadaye akanipigia kwa video, kafungua kiganja: punje zimechipua, kimzizi cheupe kama uzi, zote zimekauka. "Mvua imetudanganya, mdogo wangu." Nilishindwa kumjibu. Mara nyingi mvua za namna hiyo ni za kupita tu. Ukanda mvua, yaani mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana na kuleta mvua, unakuwa haujateremka kutoka kaskazini, na upepo wenye unyevu wa misitu ya Kongo haujatufikia.

Kinachoniumiza zaidi ni habari za El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida. Ikitangazwa, kila mtu nyumbani anasubiri gharika, kwa sababu ndivyo inavyokuwa kaskazini na pwani. Lakini sisi tumekaa mpakani mwa tabia mbili: kaskazini yetu El Niño huongeza mvua, kusini yetu huikata. Msimu wa 2023/2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na Zambia ni hapo Tunduma, unavuka kwa miguu. Mkulima wa Mbozi anayepanga shamba kwa habari za Dar es Salaam anapangia mvua ya watu wengine.

Simlaumu mtabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa msimu wetu peke yake, Novemba hadi Aprili, na mambo ya upepo wa Kongo na joto la bahari yamo ndani. Yakifika kwa dada yangu yamebaki maneno matatu: juu ya wastani. Hiyo aya ya upepo ndiyo ninayotaka isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa lugha ya shambani, kabla mtu hajafungua mfuko wa mbegu.