Rabi na nyimbo za mapenzi

Alhamisi, katikati ya mazoezi, mzee mmoja alitukatiza kabla ubeti haujaisha. "Huo wimbo nimeusikia baa." Hakuna aliyethubutu kumuuliza yeye alifuata nini huko. Mwalimu wa kwaya akazima kinanda, tukarudi kwenye nyimbo zetu za miaka yote.

Nimefika nyumbani bado nimekasirika, nikamkumbuka Israel Najara.

Huyu alikuwa rabi, mtoto wa rabi. Ukoo wao ni wa Nájera, Uhispania, ile Uhispania iliyowafukuza Wayahudi mwaka 1492. Yeye aliishi Dameski chini ya utawala wa Waturuki, akaja kufia Gaza mwaka 1625 akiwa rabi wa hapo. Sasa sikia alichokuwa anafanya: anachukua wimbo wa mapenzi wa Kituruki, wa Kiarabu au wa Kihispania, anauvua maneno, anauvisha Kiebrania cha kumsifu Mungu. Kitabu chake, Zemirot Yisrael, kilichapwa Safed, mji wa Galilaya, mwaka 1587, nyimbo zimepangwa kwa maqam, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Mpiga udi wa taarab Unguja angekielewa kabla hajajua herufi moja ya Kiebrania. Na sababu yake ilikuwa wazi: vijana walikuwa tayari wanaziimba nyimbo hizo, basi wapewe la maana la kuimba.

Wakubwa walichukia, tena sana. Menahem di Lonzano, rabi na mtunzi mwenzake, ndiye aliyepiga kelele zaidi, kwa sababu Najara hakuishia kwenye sauti tu, alichukua hata mlio wa maneno. Mhispania anaimba "Muérome, mi alma", yaani nakufa, roho yangu. Najara anaanza wake "Meromi al ma", Kiebrania safi kabisa, ila ukifumba macho unamsikia yule yule mpenzi anayekufa. Lonzano akasema haya ni maneno ya wazinzi yaliyoingizwa kwenye ibada. Haya, nakubali, kwa shingo upande, kwamba ulimi ukiimba hivi akili inaweza kwenda kule. Lakini huyo Lonzano naye alitunga nyimbo zake kwa sauti za Kituruki! Alisema zinauvunja moyo, ukanyenyekea mbele za Mungu. Kumbe zinauvunja moyo wake. Wa wenzake zinaupotosha.

Chaim Vital, rabi mwingine, naye akamwandika kwamba alikula nyama na kulewa katika majuma ya maombolezo, kofia kaivua, na rabi hakai kichwa wazi, anaimba kwa sauti kubwa. Inawezekana. Sijamtetea kofia.

Ninachokitetea ni wimbo wake, Yah Ribbon. Kauandika kwa Kiaramu, na herufi za kwanza za beti zinaunda jina lake, Israel, kama watunzi wetu wa zamani walivyojificha ndani ya tenzi zao. "Mola wa ulimwengu wote, wewe ndiwe mfalme wa wafalme." Ijumaa usiku, mezani, sahani hazijaondolewa, familia za Kiyahudi zinauimba hadi leo, wengine kwa sauti ya huku, wengine kwa sauti ya kule, hata wale ambao babu zao hawakuwahi kuiona Uhispania wala Dameski. Hakuna anayesimamisha meza kuuliza sauti hiyo ilitoka wapi.

Wimbo wetu umeondolewa kwenye ibada ya Jumapili. Mwalimu kanong'ona tutauimba ukumbini kwenye harusi ya mwezi ujao. Ya binti wa yule mzee.