Wauza dagaa nao ni wadau

Shangazi yangu huanika dagaa na kuwauza Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwaka jana yeye na wenzake walichanga nauli, wakachagua watatu wapeleke barua ya malalamiko ya ushuru kwenye ofisi moja. Kabla barua haijafunguliwa wakaulizwa, "Ninyi ni kikundi gani?" Cheti chao kilisema kikundi cha kuweka na kukopa. Wakajibiwa kwamba mambo ya ushuru hayawahusu.

Jibu lile liliniuma, na bado linaniuma.

Wasomi wa siasa wana majina mengi kwa watu ambao si serikali wala hawawanii dola, ila wanataka sauti yao ifike kwenye maamuzi. Waingereza walizoea kuwaita vikundi vya shinikizo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, kifungu cha 71, unataja mashirika yasiyo ya kiserikali. Siku hizi tunasikia zaidi asasi za kiraia. Ninalolipenda mimi ni kundi la masilahi, kwa jinsi Mmarekani David Truman alivyolieleza mwaka 1951: watu wenye mtazamo mmoja wanaotoa madai kwa makundi mengine katika jamii. Basi. Hakutaja cheti wala muhuri. Kwa kipimo hicho, akina mama wale watatu walikuwa kundi la masilahi tangu walipopanda daladala.

Sheria ina haki ya kutazama usajili. Lakini tunapochukua jina la kwenye cheti tukalifanya mpaka wa yale mtu anayoruhusiwa kusema, tunakosea. Na tunakosea kwa upande mmoja: mwenye kiwanda cha minofu ya sangara akilalamikia tozo huitwa mdau na kuandaliwa kiti. Mama wa dagaa akilalamikia ushuru, anaambiwa analeta shinikizo, na neno hilo kwa Kiswahili chetu linanuka ugomvi.

Mwanza hii tunapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Kuanzia 1954 hadi 1958 wakoloni waliizuia TANU katika Jimbo la Ziwa. Wakulima wa pamba, pamoja na kiongozi wao Paul Bomani, walikuwa na vyama vya ushirika vilivyoanzia kwenye madai ya mizani ya haki, na mwaka 1955 wakaviunganisha katika shirikisho la Victoria. Kwenye karatasi ulikuwa ushirika wa mazao. Nani leo atasema siasa ya nchi haikuwahusu?

Barua inapelekwa tena wiki ijayo. Nimewachapia mimi. Pale juu nilikuwa nimeandika jina la kwenye cheti, shangazi akaniambia, "Futa hilo, mwanangu. Andika: Wachakataji na Wauzaji wa Dagaa, Mwaloni."