Mjerumani NFL: mlango umefunguliwa, mechi ziko wapi?

Aprili 2016, Minnesota Vikings walimchagua Mjerumani Moritz Böhringer katika raundi ya sita ya drafti, ule mfumo wa klabu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, kuchagua vijana kwa zamu. Alikuwa wa 180 kwa jumla, na wa kwanza kutoka Ulaya kuchaguliwa bila kupitia chuo kikuu cha Marekani. Mchezo wenyewe aliujua akiwa na miaka 17 hivi, baada ya kutazama mtandaoni video za Adrian Peterson, mkimbiaji nyota wa Vikings. Mwaka 2015 aliichezea Schwäbisch Hall Unicorns katika ligi kuu ya Ujerumani na kukusanya zaidi ya yadi 1,200 kwa kudaka mipira. Kisha akaenda Florida, na mbele ya maskauti, yaani wasaka vipaji wa klabu, akakimbia yadi 40 kwa takriban sekunde 4.4, akiwa na kimo cha mita 1.93 na uzito wa kilo 103.

Mechi ya msimu wa kawaida hakucheza hata moja. Minnesota alibaki kikosi cha mazoezi, mwaka 2018 akahamia Cincinnati Bengals na kubadilishwa nafasi, na 2020 akaachwa.

Tangu hapo mjadala haujaisha: je, mchezaji wa Ulaya apelekwe moja kwa moja kwenye ligi kuu ya dunia, au aende kwanza kusoma na kucheza vyuoni Marekani?

Wanaotetea chuo wana ushahidi mzito. Sebastian Vollmer alianzia timu za vijana za Düsseldorf, akaenda Chuo Kikuu cha Houston, na huko makocha wakamhamishia kwenye mstari wa mbele wa kumlinda mrushaji. New England Patriots walimchukua raundi ya pili mwaka 2009, na Februari 2015 alishinda Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa mchezaji wa kutegemewa. Björn Werner wa Berlin alipitia Florida State na mwaka 2013 akachaguliwa raundi ya kwanza, wa 24, na Indianapolis Colts. Markus Kuhn naye alitokea North Carolina State kabla ya kwenda New York Giants.

Wanachokipata chuoni ni mechi. Mtazame mpokeaji, yaani mdakaji wa mipira kama Böhringer, kabla mpira haujaanza kuchezwa. Anapaswa kuona kama beki amemkaribia au amerudi nyuma, na kama walinzi wawili wa mwisho wamegawana uwanja au mmoja anajongea katikati. Kutokana na hayo, anaweza kulazimika kubadili mkimbio wake akiwa tayari mbioni, na mrushaji anaachia mpira kabla yeye hajageuka. Wakisoma tofauti, mpira unaangukia mikononi mwa adui. Mwenzake wa Marekani amefanya hivyo tangu sekondari. Kasi ya sekunde 4.4 haifidii miaka hiyo.

Lakini chuo nacho si cha kila mtu. Lazima uonekane ukiwa na miaka 16 au 18, na familia ikubali mtoto avuke bahari. Kwa aliyeanza kwa kuchelewa kama Böhringer, mlango huo ulikuwa karibu kufungwa. Tena haukupi hakika: Werner alisumbuliwa na magoti, Colts wakamwacha 2016, na mwaka uliofuata akastaafu akiwa bado kijana.

Mwaka 2017 NFL ilianzisha mpango maalumu wa wachezaji wa kimataifa, na wanaoutetea humtaja kwanza Jordan Mailata. Mwaustralia huyu alitoka kwenye raga bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani, akachaguliwa raundi ya saba 2018 na Philadelphia Eagles, na Februari 2025 akatwaa ubingwa. Mfano ni wa kweli, ila tuutazame vizuri. Mailata hucheza mstari wa mbele, ambako mwili mkubwa wenye wepesi hubeba mengi, na klabu ilimvumilia misimu miwili kabla hajaingia uwanjani. Hata Colts walipomsajili Mkenya Daniel Adongo kutoka raga mwaka uleule wa Werner, alicheza mechi chache tu, kwenye vikosi maalumu, vile vinavyoingia wakati wa mipira ya mateke.

Kwa Wajerumani, aliyefanikiwa zaidi kupitia mpango huo ni Jakob Johnson wa Stuttgart, aliyepandishwa kikosi cha kwanza cha Patriots Septemba 2019. Watu husahau kwamba alikuwa amekwisha kusoma sekondari Jacksonville na kucheza Chuo Kikuu cha Tennessee. Kwa hiyo mpango ulimrudisha mtu ambaye chuo kilikuwa kimemfundisha. Naona hapo ndipo hoja ya njia ya mkato inapodhoofika.

Kinachoniuma zaidi ni kanuni yenyewe. Nafasi ya ziada ya kikosi cha mazoezi aliyopewa Böhringer Cincinnati kupitia mpango huo ilimlinda asikatwe, lakini kwa masharti ya wakati ule haikumruhusu kucheza msimu mzima. Mtu aliyepungukiwa mechi alipewa mkataba wa kutocheza. Kanuni zimelegezwa baadaye, na tangu 2024 klabu zote 32 zinaweza kuwa na nafasi hiyo na kumpandisha mchezaji mara chache. Ni hatua, ingawa mara chache hazijengi mpokeaji.

Na ligi hii iliwahi kuwa na dawa. NFL Europe, ligi yake ya barani Ulaya, iliwalazimisha makocha kuwatumia wachezaji wa nyumbani, na klabu za Marekani zilipeleka huko vijana wao wapate dakika. Mrushaji Kurt Warner alitumwa na klabu ya Rams kwenda Amsterdam mwaka 1998. Januari 2000 alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl. Ligi hiyo ilifungwa 2007, wakati timu tano kati ya sita zilikuwa za Ujerumani. Leo NFL inajaza Munich, Frankfurt na Berlin kwa mechi za mauzo. Ingeweza kuziruhusu klabu zimtume kijana akacheze msimu mzima Düsseldorf au Stuttgart huku zikibaki na haki zake, naye arudi Agosti akiwa ameshausoma ulinzi wa kweli mara mia kadhaa.