Kifupa cha Supu
Napiga gita kwenye korali yetu huku Katuba, Lubumbashi, na mwezi wa kwanza mwaka huu sauti ya pili yote ilininunia. Nikiakordi, yaani nikizipatanisha nyuzi zikiwa wazi bila kidole, programu ya simu inawaka kijani kwa zote sita: mi, la, re, sol, si, mi. Nikipanda shingoni, mambo yanaharibika. Freti, kile chuma chembamba cha shingoni, ya 12 iko nusu ya uzi. Ukiugusa tu hapo, au ukiukandamiza, sauti zinatakiwa zilingane. Uzi wangu wa si ukikandamizwa uliruka juu kama mbuzi aliyemwagiwa maji. Mama prezidenti hakuniita pembeni: "Papa, ile gita iko naimba misa yake."

Nikabadilisha nyuzi. Bure. Nikahukumu kile kiplastiki cheupe kinachobeba nyuzi tumboni mwa gita: kimechoka, kinataka mfupa. Mfupa ulikuwa jikoni, ndani ya supu. Kumwomba mke wangu ilihitaji moyo, maana tangu mwezi wa nane, kadi ya ndoa ya binamu yake ilipopotea nyumbani tukaikosa sherehe, hasemi nami zaidi ya "bukari iko mezani".

Jioni mbili nilisugua mfupa ule kwa msasa juu ya kioo, nikifuata kipimo cha plastiki bila kupunguza hata unywele. Ukatoka mweupe, mwembamba, unanuka kitunguu. Nikauweka dirishani ukauke.

Nilisikia "kra" moja tu. Mbwa wa jirani alikuwa chini ya dirisha, macho yamefumba kwa utamu, mkia unapiga tempo ambayo mpiga ngoma wetu hajawahi kuishika.

Nikachonga wa pili, nikalala nao chini ya mto. Nikaupachika. Uzi wa si ukaruka vilevile.

Basi nikaenda kwa fundi, komini ya Kenya (ya hapa kwetu, si ile nchi). Mzee alilegeza nyuzi, akautoa mfupa wangu, akaunusa, akanitazama, akanyamaza. Kisha akachungulia mfereji unapokaa mfupa, akachokoa kwa sindano. Kikatoka kikaratasi kigumu, kimekunjwa mara nne.

Hapo nikakumbuka. Kiangazi kilichopita mbao zilikauka, nyuzi zikashuka zikaanza kukoroma kwenye freti, nami nikaokota kitu mezani nikakikunja kuziinua. Mvua zilipokuja mbao zikavimba, zikaziinua tena. Nyuzi zikiwa juu hivyo, kidole kinauvuta uzi njia ndefu kabla haujafika kwenye freti. Unakazika, sauti inapanda. Mfupa ungekuwa hata wa tembo, usingesaidia.

Fundi akaupachika mfupa bila kile kikaratasi, akaakordi, akapiga si ya freti ya 12. Safi. Halafu akavaa miwani, akakikunjua polepole, mkunjo kwa mkunjo, akasoma.

"Papa, hapa banaandika saa tisa kamili," akasema. "Ulishachelewa."