Bata Mzinga wa Missouri, Kanga wa Pawaga na Suala la Mwenye Mali

Majira ya kuchipua yaliyopita yalikuwa magumu kwa sisi tunaowinda bata mzinga mwitu katika vilima vya Ozark, kusini mwa jimbo la Missouri nchini Marekani. Mvua ya baridi ilinyesha karibu wiki nzima ya kwanza, upepo mkali ukafuata, na madume ambao kwa kawaida hulia alfajiri hadi msitu mzima ukaitikia walikaa kimya. Watu wengi walimaliza msimu mikono mitupu. Kilichonisukuma kuandika si ugumu huo, bali ni maneno niliyoyasikia kwa wawindaji wenzangu baada yake. Walikuwa wakiulizana kama idadi ya ndege wanaoruhusiwa ipunguzwe, kama ufunguzi wa msimu ucheleweshwe, kama uwindaji wa majira ya kupukutika usitishwe kabisa. Watu waliokosa nyama walikuwa wakiomba wawekewe masharti zaidi. Mimi nimezaliwa na kukulia Pawaga, mkoani Iringa, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kwetu sijapata kumsikia mwanakijiji akiomba jambo kama hilo kwa ajili ya mnyama yeyote wa porini. Naamini tofauti hiyo haitokani na tabia ya watu wala elimu yao. Inatokana na nani anayehesabiwa kuwa mwenye mali.

Nieleze kwanza uwindaji wenyewe, kwa sababu wengi wa nyumbani wanadhani ni kuingia msituni na kufyatua risasi. Msimu wa Missouri hufunguliwa Jumatatu ya tatu ya Aprili na huendelea kwa majuma matatu. Mwindaji anaruhusiwa ndege wawili tu, na katika juma la kwanza haruhusiwi zaidi ya mmoja. Ndege huyo ni lazima awe dume au awe na ndevu, yaani lile shungi la nyuzi nyeusi ngumu linaloning'inia kifuani, ambalo majike karibu wote hawana, kwa hiyo mama aliye kwenye mayai huachwa salama. Bata mzinga mwitu hulala juu ya miti, kama kanga wetu wanavyolala kwenye mibuyu. Unaingia msituni gizani, unakaa chini na kuegemea shina la mti lililo pana kuliko mabega yako, ili mwindaji mwingine asikupige kwa nyuma, na huvai kitu chochote chenye rangi nyekundu, nyeupe au buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Silaha ni shotgun yenye risasi za chembechembe, na ndege akiwa mbali zaidi ya mita 40 mwindaji mwenye adabu hapigi.

Kazi kubwa ni kumwita. Unakwaruza kijiti juu ya kibao cha jiwe jeusi, polepole, hadi sauti ya jike itoke. Ugumu upo hapa: kwa maumbile yao, dume ndiye anayelia na jike ndiye anayemfuata, na wewe uliyejificha unataka dume aivunje desturi hiyo akufuate wewe. Akiwa tayari ana majike pembeni yake, hana sababu ya kuja. Msimu uliopita nilimwona mmoja akija bila kutoa mlio wowote, akipanda mteremko hatua moja moja kati ya miti ya mialoni iliyokuwa bado haijatoa majani. Manyoya yake yalikuwa yamelowa na kung'aa kama shaba, na kichwa kilibadilika kutoka wekundu hadi weupe wenye buluu huku akinyosha shingo kumtafuta jike aliyemsikia. Hakumwona. Alisimama nyuma ya shina kubwa kwa muda mrefu, nikiwa na kidole kando ya kifyatulio, kisha akageuka na kurudi alikotoka. Bata mzinga hana pua ya maana, lakini macho yake hayadanganyiki kirahisi.

Kwa nini walikuwa wachache na wakimya? Hali ya hewa ni sehemu ya jibu tu. Wanaoujua uwindaji huu husema kwamba dume wa miaka miwili ndiye mwenye kelele na mwenye haraka ya kuitika, ilhali wazee wa miaka mitatu na minne wameshajifunza. Basi vifaranga wakifa kwa wingi mwezi Juni kwa sababu ya mvua na baridi, athari yake husikika miaka miwili baadaye, pale alfajiri inapopita kimya. Zaidi ya hayo, wapo rakuni na wanyama wengine wala mayai, na yapo mashamba na misitu iliyobadilika kiasi kwamba ndege huyu hapati nyasi fupi zenye wadudu wa kulisha watoto wake. Jimbo la jirani la Kansas lilisitisha uwindaji wa majira ya kupukutika kuanzia mwaka 2023 kutokana na kupungua huko. Tennessee nayo, mwaka huohuo, ilichelewesha ufunguzi wa majira ya kuchipua kwa majuma mawili na kupunguza idadi kutoka madume watatu hadi wawili. Kuchelewesha kunakusudiwa kuwapa madume nafasi ya kupanda majike kabla ya bunduki kuanza kulia.

Ili kuelewa kwa nini watu wanapokea masharti hayo bila kinyongo kikubwa, inafaa kukumbuka kwamba ndege huyu alikaribia kutoweka. Misitu ya Ozark ilikatwa ovyo kwa ajili ya mbao, bata mzinga wakapigwa mwaka mzima na kuuzwa sokoni, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 jimbo zima la Missouri lilikuwa limebakiwa na ndege wasiozidi elfu chache. Waliobaki walinaswa kwa nyavu na kupelekwa katika wilaya ambako walikuwa wamekwisha, mara nyingi kwenye ardhi ya wakulima waliokubali kuwalinda. Mwaka 1960 uwindaji wa majira ya kuchipua ulifunguliwa tena kwa siku chache na katika wilaya chache. Fedha zilitoka kwa wananchi wenyewe: sheria ya taifa ya mwaka 1937 huelekeza kwenye uhifadhi kodi ya bunduki za kuwindia na risasi zake, ambayo leo ni asilimia 11, na mwaka 1976 wapiga kura wa Missouri waliidhinisha kodi ya mauzo ya sehemu moja ya nane ya asilimia moja kwa ajili ya uhifadhi. Kila anunuaye mkate hapa, hata asiyewahi kushika bunduki, anachangia.

Lakini fedha peke yake hazielezi jambo hili. Kinacholieleza ni kwamba fundi wa magari, mwalimu, mfagiaji na daktari wanaweza kununua kibali kilekile kwa bei ambayo kila mmoja anaimudu, wakaingia katika msitu wa umma wa Mark Twain bila kuomba ruhusa ya mtu, na nyama wakaila wao na familia zao. Kuiuza ni marufuku, na marufuku hiyo ndiyo iliyoua soko lililokuwa likiwamaliza ndege. Kuigawa inaruhusiwa. Nilipobahatika miaka iliyopita, mapaja niliyapika kwa saa nyingi kwa nyanya, tangawizi na tui la nazi, kwa sababu yana kano ngumu kama waya, na tukayala kwa ugali pamoja na ndugu zetu Wakongomani wa mji wa Columbia, hapa Missouri, ambao Kiswahili chao cha Kivu kimekuwa sehemu ya Jumapili zetu. Siku hiyohiyo niliyompata ndege yule nilikuwa nimekwisha kuripoti kwa simu kabla ya saa nne usiku, kama sheria inavyotaka. Hakuna askari aliyesimama juu yangu. Niliripoti kwa sababu ile hesabu ndiyo itakayoamua kama mwakani nitawinda.

Sasa niseme ya nyumbani. Baba yangu mdogo alijua kanga kuliko mtu yeyote niliyekutana naye huku. Alijua mbuyu ambao kundi litalala, alijua kwamba mvua zikianza wanaachana wawili wawili kwenda kutaga, na katika miezi hiyo hakutega hata tanzi moja, wala hakuturuhusu sisi watoto kuokota mayai. Elimu hiyo ilikuwa uhifadhi kamili, ila haikuwa na karatasi. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimkatazi mkazi kuwinda. Inamtaka awe na leseni, silaha iliyosajiliwa na eneo lililoruhusiwa. Kwa mkulima wa mpunga wa Pawaga, masharti hayo matatu kwa pamoja ni sawa na katazo. Hivyo mtu mwenye elimu yote ile, akikutwa na kitoweo, anaitwa jangili, na vifungo vya miaka 20 kwa kosa la kupatikana na nyara za serikali si habari ngeni katika mahakama zetu. Tembo wakila shamba lake analipwa kifuta jasho, wakimuua mtu familia inalipwa kifuta machozi. Majina yenyewe ya malipo hayo yanamchukulia kama aliyepatwa na msiba wa mali ya mwingine.

Hali hii haikuanza jana. Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji za Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1896, na tangu hapo mwenyeji aliyekuwa akiwinda kwa haki ya kuzaliwa akageuka mwombaji wa kibali. Mwalimu Nyerere, katika Tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori, aliahidi kwa niaba ya taifa kuulinda urithi huu, na ahadi hiyo imetimizwa kwa kiwango ambacho mataifa tajiri hayajakifikia. Mimi najivunia Ruaha kila ninapoulizwa kwetu ni wapi. Hata hivyo, mgeni anayelipa maelfu ya dola kuwinda nyati katika kitalu cha uwindaji ana mlango ulio wazi, na mwanakijiji anayetaka kanga wawili kwa mwaka hana. Kenya ilichagua njia nyingine mwaka 1977 ilipopiga marufuku uwindaji, lakini huko nako sijaona kwamba mwananchi wa kawaida alipata hisia ya kuwa mwenye mali.

Wapo watakaonijibu kwamba Marekani ni tajiri, ina chakula madukani, na watu wake hawawindi kwa njaa. Ni kweli, na ni pingamizi zito. Wengine watanikumbusha kwamba msitu ninaousifu ulikuwa wa Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, waliolazimishwa kuiachia Missouri kwa mikataba ya 1808 na 1825. Hilo pia ni kweli, na linaniuma kila ninapoketi chini ya mialoni ile, kwa sababu nimetoka mahali ambapo watu nao walihamishwa ili wanyama wapate nafasi. Sitaki tuige Marekani nzima. Ninachotaka tuchukue ni kanuni moja: mtu anayepewa fungu lake halali, hata likiwa dogo, ndiye wa kwanza kupiga kelele likianza kupungua.

Tuna mahali pa kuanzia. Jumuiya za hifadhi za wanyamapori zinazomilikiwa na vijiji, kama MBOMIPA iliyoko Pawaga na Idodi, zimekuwepo kwa miaka mingi, zina mipaka, viongozi waliochaguliwa na askari wa vijiji. Mapato yao yametegemea zaidi wageni, wa kuwinda na wa kupiga picha. Ziongezewe mamlaka ya kutoa vibali vya bei nafuu vya kanga na kwale kwa wakazi wa vijiji wanachama peke yao. Nyama isiuzwe, kwa sababu soko likiingia ndege watakwisha kama walivyokaribia kwisha huku. Wanaosubiri bunduki wasisubiri: Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wameachiwa kuwinda kwa pinde zao, kwa hiyo taifa linajua jinsi ya kutambua njia ya asili likitaka, na mitego ya kanga inaweza kuwekewa idadi, namba na muda. Mtu aripoti alichopata siku hiyohiyo kwa simu ya kiganjani, ambayo huko kijijini inatumika kulipia mbolea na ada za shule. Msimu ufungwe kabla ya mvua kuanza na usifunguliwe hadi vifaranga waweze kuruka, na tarehe hizo zipendekezwe na wazee wanaowajua ndege, kisha wataalamu wa serikali wazipime. Wakipungua, mkutano wa kijiji ukae na kuamua kama mwaka unaofuata vibali visitolewe kabisa.