Siti Ipo, wa Kukaa Hayupo

Katika mji huu ambao watu wazima na tai zao huingilia dirishani kugombea siti ya daladala, leo asubuhi mimi nimegombana na konda kwa sababu siti nimeikataa.

"Braza, kaa. Levo siti leo, trafiki wako pale darajani."

Nikamwambia nitainama. Akasema trafiki hawana muda wa kutofautisha aliyeinama na aliyesimama. Dada aliyekuwa dirishani, jirani wa siti yenyewe, akavuta mkoba kifuani na kujinusa kwapa kwa siri, masikini, akidhani tatizo ni yeye. Ikabidi nikae. Nilikaa nusu, upande wa kushoto tu, wa kulia ukiwa hewani, mikono yote miwili kwenye bomba. Tuta la kwanza likanitoa sauti ambayo kwa mtu wa hadhi yangu, katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa mzima, si ya kutolewa mbele za watu.

"Kaka, unaumwa?"

"Hapana dada. Nilikuwa kwenye mashindano ya baiskeli."

"Hee, hongera! Mlipewa shilingi ngapi?"

Swali ndilo hilo. Tangu nirudi Jumatatu ameniuliza kinyozi, ameniuliza muuza genge, ameniuliza mjumbe, na jana kaniuliza hata kijana anayesoma mita ya maji, ambaye mimi na yeye hatusemezani tangu Machi. Hakuna aliyeuliza ni kilomita ngapi. Ni kama 450, bwana! Kibaha Maili Moja hadi Iringa mjini, saa 48, usiku na mchana, na hulipwi. Unalipa wewe. Na ukishalipa, waandaaji wanakwambia hakuna gari la kukufuata, hakuna wa kukupa maji, jitegemee. Nililipia laki moja na nusu nikajitegemee.

Aliyenitia kwenye mkumbo huu ni jamaa wa ofisini ambaye kila kitu anakisoma kwenye simu. Alinieleza kwamba Ufaransa watu wanatoka Paris kwa baiskeli hadi Brest na kurudi Paris, kilomita 1,200, wanapewa saa 90, na jambo lenyewe lilianza mwaka 1891. Nikajiona mvivu mbele ya marehemu wa Kifaransa. Yeye mwenyewe siku ya safari aliumwa mgongo.

Kufungasha kulinichukua wiki nzima, maana adui wa mchezo huu ni uzito. Tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, spana, taa mbili, pawabenki, chumvi ya kuharisha ya kuchanganya na maji, mswaki. Wenzetu waliobobea hukata mpini wa mswaki ili kupunguza gramu. Na mimi nikakata wangu kwa msumeno wa fundi seremala, ukabaki kama kidole gumba, ukipiga mswaki unajitekenya koo. Nikapeleka begi buchani likapimwe. Kilo 4 na robo. Muuza nyama akaniuliza kama ni steki tupu au mchanganyiko.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Mama Neema alikuwa ananisubiri na chapati 12, ndimu, chupa ya chai na khanga.

"Mke wangu, khanga ya nini?"

"Ukifa njiani watakufunika na nini?"

Mtu mwenye jibu la swali hilo aniletee. Khanga iliingia.

Siku yenyewe tukaachiwa saa 11 alfajiri. Sitawachosha. Vigwaza malori yalikuwa yamejipanga mizani, kijana mmoja wa mbele yangu akanipigia kelele kwamba na mimi nipite kupimwa tumbo. Nilicheka kwa kuwa sikuwa na pumzi ya kutukana. Chalinze nilisimama kununua maji nikazungukwa na mahindi, korosho na mihogo, watu kumi kwa pamoja, kama vile mimi ni basi. Mikese upepo wa mbele. Morogoro milima ya Uluguru ikiwa imejifunika wingu nusu, nzuri sana, ningeiangalia vizuri kama shingo ingegeuka.

Sasa hiyo gesti.

Waandaaji walikataza mtu kuingia hifadhi ya Mikumi jua likishazama, kwa sababu simba hasomi namba ya kifuani. Kwa hiyo saa 2 usiku nikaingia kwenye kagesti kamoja kando ya barabara, upande huu wa hifadhi. Viatu vya mchezo huu vina chuma chini, cha kunasia kwenye pedeli, na ukitembea juu ya sakafu ya sementi ni ko, ko, ko. Binti wa mapokezi alikuwa nyuma ya pazia anaangalia tamthilia. Hakutoka.

"Karibuni. Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Na huyo mwenye mchuchumio?"

"Ni mimi."

Pazia likafunguka. Akanitazama kuanzia kofia ngumu, akashuka taratibu, akafika kwenye kaptura. Kaptura zile zinabana kama ganda la ndizi, na nyuma zina sponji nene ambayo mwanangu wa mwisho anaiita pampasi ya baba. Binti akageuzia uso ukutani kama aliyemfumania mkwewe akioga, akanisukumia kitabu cha wageni kwa kidole kimoja.

Mnakijua kitabu chenyewe. Jina, kabila, kazi, atokako, aendako, saini. Kwenye kazi nikaandika mhasibu. Akasoma, akaibia jicho kwenye kaptura, akasoma tena.

"Basi lenu limeharibikia wapi, baba?"

"Sikuja na basi. Nimetoka Kibaha na hii."

Akaiangalia hii. Kisha akapaza sauti: "Babu! Babu, hebu njoo!"

Babu ni mlinzi. Koti refu, rungu, tochi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia baiskeli, sina hakika alimwitikia nani. Akaizunguka mara mbili, tochi chini chini, kama trafiki wa mwisho wa mwezi.

"Keria iko wapi?"

"Haina, mzee."

"Madigadi?"

"Haina."

"Stendi?"

"Haina. Inaegemezwa."

"Kengele?"

Kengele ilikuwapo! Nikaipiga kwa fahari. Ikalia ti, kama kijiko kimeanguka. Mzee akanitazama kwa huruma.

"Sasa ukipata mzigo?"

"Sibebi mzigo."

"Ukipata mtu?"

"Sibebi mtu."

"Mama watoto akishikwa na uchungu usiku?"

Nikanyamaza. Akanionyesha Phoenix yake pale ukumbini, imesimama kwa stendi yake kama mtu aliyelelewa, keria imefungwa mpira wa tyubu. Hiyo, akasema, imempeleka mke wake zahanati kujifungua mara 4. Imebeba mkaa, imebeba mlango na fremu yake, imebeba mbuzi mzima mwenye hasira kutoka mnadani. "Na yako imebeba nini?"

Nikafikiri.

"Mswaki," nikasema.

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akauliza bei. Ile baiskeli nilinunua milioni 2 na laki 2. Mama Neema anajua laki 6. Nikamwambia mzee laki 3, na bado akapiga mluzi, akasema, "Wamekupiga."

Tukaja kwenye suala la inalala wapi. Nikasema inalala chumbani, na mimi. Binti akasema chumba cha mtu mmoja 15,000, watu wawili 20,000.

"Mwanangu, hii ni baiskeli."

"Inaingia chumbani, haiingii?"

"Inaingia."

"Basi."

Akavuta kitabu, akafungua mstari mpya. Jina, baiskeli. Kalamu ikasimama. "Kabila?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeikalia ile siti tangu alfajiri. Nilikuwa nimekula chapati 9 na vumbi la malori yote yaendayo Tunduma. Nilitaka kulia.

"Andika Mtaiwani."

Akaandika Mtaiwani. Nikaisainia.

Saa 8 usiku, ngo ngo ngo. Nikajua ni moto, au tembo.

"Mwanangu, umelala?"

"Hapana mzee."

"Hivi anayeshinda anapewa nini?"

"Medali."

"Ya dhahabu?"

"Ya bati, nadhani."

"Na kuingia mlitozwa?"

Sijui kwa nini sikudanganya. "Laki moja na nusu."

Kimya. Nikaona mwanga wa tochi chini ya mlango ukizimika.

"Pole sana, mwanangu," akasema, akaondoka. Baada ya muda nikamsikia binti wa mapokezi akicheka mpaka anakohoa.

Hifadhi tuliivuka asubuhi kwa kundi, na hapo tu ndipo gari la waandaaji lilikuwa nyuma yetu. Twiga alituangalia. Sina la kuongeza.

Ruaha Mbuyuni simu ikaita. "Baba Neema, umefika wapi?" Nikafanya kosa la kusema ukweli. Mnajua kwamba ukipita Ruaha Mbuyuni na ukarudi mjini mikono mitupu, wewe si mtu, vitunguu vile vimepangwa barabarani kama vinakudai. Nikamweleza kuhusu gramu. Nikamweleza kuhusu mswaki. Akaniuliza kama namjua mwanamume yeyote aliyepita pale bila kununua vitunguu, nimtaje kwa jina.

Sado mbili. Keria haina, kama mzee alivyobaini. Basi nikatoa khanga, nikamwaga vitunguu, muuzaji akanifungia mgongoni kwa mbeleko, fundo kifuani, akavipigapiga kwa nje vikae vizuri. Hivyo ndivyo nilivyoupanda Kitonga.

Waliopita Kitonga kwa basi wanakumbuka bonde upande mmoja na harufu ya breki za malori yanayoshuka. Kwa baiskeli unakumbuka kila kona, na ukimaliza kona unakuta kona. Ilikuwa saa 12 jioni, giza linaingia. Tela moja la Zambia lilikuwa linapanda polepole kiasi kwamba tulienda sambamba, mimi na tairi la nyuma, nikihesabu nati. Utingo akachungulia kutoka juu.

"Mama! Pole na mtoto, mama! Shika kamba hapo!"

Kushika kamba ni kufutwa mashindanoni. Nikainua uso ili nimkatalie kiungwana. Akaona ndevu.

"Aa. Samahani, mzee." Kisha, kwa kuwa mwendo ule hauna shughuli nyingine, akamulika mgongo wangu na kumsomea dereva jina la khanga kwa sauti, herufi kwa herufi: MSILOLIJUA LITAWASUMBUA. Dereva akapiga honi. La nyuma yake likaitikia honi. Mlima mzima ukawa unapiga honi kama harusi.

Nilifika Iringa Jumapili saa 2 asubuhi. Muda ulikuwa umeisha saa 11 alfajiri. Kijana aliyekuwa anapanga viti vya plastiki akanipa medali na soda ya moto, akauliza vitunguu nauza bei gani. Kurudi, basi likaitoza baiskeli kama mzigo. Vitunguu havikutozwa, kwa kuwa viko mgongoni na konda naye alidhani ni mtoto.

Mama Neema alivimwaga sebuleni, akavigeuzageuza kwa vidole. "Vidogo hivi? Hivi si vya Ruaha Mbuyuni." Nikatoa medali. Akasema weka huko, kisha akainua khanga kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na tundu la fundo, grisi ya cheni, na harufu ambayo sabuni mbili hazikuitoa. Ijumaa ana kitchen party. Doti ikipoteza kipande kimoja, kilichobaki ni tambara, hilo mnalijua, kwa hiyo nimeagizwa Kariakoo nikatafute doti nyingine, rangi ile ile, jina lile lile.

Kariakoo kutoka kwetu ni daladala mbili.