Tuanze na siku na mahali, siyo na aliyemuua

Askari akifa vitani huacha karatasi nyuma yake: namba yake ya jeshi, kikosi chake, taarifa ya ofisa wake. Raia hana namba. Anayeanza kutafuta habari za ndugu aliyekufa wakati wa vita bila kushika silaha hukuta familia imebaki na kauli moja tu, "aliuawa vitani", na kwa miaka mingi kila aliyeisikia amejichorea bomu au risasi. Swali la kwanza huwa ni nani aliyemuua. Naona swali hilo linapaswa kusubiri. Kwanza tujue alikuwa wapi, siku gani.

Nasema hivi kwa sababu ndivyo kumbukumbu zenyewe zilivyopangwa. Mwaka 1941 Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza ilipewa kazi ya kuorodhesha raia waliouawa katika mashambulizi ya Vita vya Pili vya Dunia. Ilipata majina zaidi ya 66,000, na vitabu vyake saba vimewekwa Westminster Abbey, kanisa kubwa la London. Majina yanafuata eneo mtu alikofia. Mtu aliyejeruhiwa nyumbani kwake akakata roho katika hospitali ya wilaya nyingine hutampata mtaani kwake, hata ukirudia orodha ya mtaa huo mara kumi. Ukishaipata siku na mahali, tazama na majina ya jirani. Jina moja peke yake halisemi mengi, lakini majina mengi ya tarehe moja na mtaa mmoja yanakuonyesha tukio zima.

Na tukio likionekana, huenda lisifanane kabisa na simulizi ya nyumbani. Usiku wa tarehe 3 Machi 1943, king'ora kililia huko Bethnal Green, London, na watu wakakimbilia stesheni ya treni ya chini ya ardhi iliyotumika kama maficho. Ngazi zilikuwa na giza. Mizinga mipya ya kutungulia ndege ikafyatuliwa karibu, mlio wake watu hawakuwahi kuusikia, wakasukumana. Mmoja alianguka, wengine wakamwangukia, na kwa muda mfupi watu 173 walikuwa wamekufa kwa kubanwa na kukosa hewa, 62 kati yao watoto. Hakuna bomu lililoanguka pale. Serikali iliizuia ripoti ya uchunguzi hadi mwaka 1945, kwa hiyo karibu miaka miwili wafiwa hawakuruhusiwa kusoma jinsi watu wao walivyokufa. Ukimuuliza mjukuu wa mmoja wao nani alimuua bibi yake, atakujibu nini? Giza, ngazi isiyo na mhimili wa kushika katikati, hofu. Hivi vyote vililetwa na vita, na mimi siwezi kukubali kwamba kifo cha namna hii ni ajali ya kawaida.

Vivyo hivyo njaa. Katika makaburi ya Piskaryovskoye, Leningrad (sasa St. Petersburg, Urusi), wamezikwa raia wapatao 420,000 waliokufa wakati jiji lilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, 1941 hadi 1944, wengi wao kwa njaa, baridi na maradhi. Mawe ya makaburi yale ya halaiki yameandikwa mwaka tu. Mahali popote penye vita, ndugu aliyekufa kwa kuhara njiani wakati wa kukimbia, au kwa uzazi kwa kuwa hospitali ilikuwa imefungwa, ndiye anayesahaulika haraka zaidi, kwa sababu hakuna adui wa kunyooshewa kidole. Cheti cha kifo kitasema homa ya mapafu. Kitakuwa sahihi, na bado kitakuwa kimeacha nusu ya habari.

Kwa wazee, ushauri wangu ni kutowabana kuhusu kifo chenyewe. Waulize nani alileta habari na alikuwa ametokea wapi. Aliyeleta habari mara nyingi ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, na kama amefariki, pengine watoto wake waliisikia kwake. Uliza nani alizika, na marehemu alikuwa akienda wapi. Wakikataa kusema, wana haki hiyo.

Kinachoniuma ni jinsi raia alivyochelewa kutambuliwa. Mwaka 1914 Msalaba Mwekundu ulipofungua wakala wake wa kutafuta wafungwa wa vita mjini Geneva, daktari Frédéric Ferrière ndiye aliyeanzisha kitengo cha raia, kwa kuwa barua za familia zilikuwa zikimiminika na hakukuwa na wa kuzijibu. Mkataba wa Nne wa Geneva, unaohusu ulinzi wa raia vitani, ukaja mwaka 1949, ukitaka raia aliyefia kizuizini aandikiwe na daktari cheti chenye sababu za kifo na mazingira yake. Mwaka 1977, Itifaki ya Ziada ya Kwanza, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, ikataja waziwazi haki ya familia kujua yaliyowapata ndugu zao.

Basi unapoandika barua kwenye hifadhi ya nyaraka au kwa Msalaba Mwekundu, usiandike kama mtu anayeomba hisani. Taja jina kwa tahajia zote unazozijua, mwaka wa kuzaliwa, majina ya wazazi, mahali alipoonekana mwisho na nani alimwona. Jibu likija na kupingana na simulizi ya nyumbani, hifadhi yote mawili, na chini ya kila moja uandike nani aliyesema na alikuwa wapi siku ile.